KITU KILICHOINGIA SIKIONI

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo dogo liwezalo kumpotezea mtu usikivu wake, nalo ni kitu kilichoingia sikioni.

Mwaka 1858 msafiri Mwingereza, jina lake John Hanning Speke, alipiga hema kisiwani katika Ziwa Tanganyika. Usiku dhoruba ikaivuruga hema, naye akawasha mshumaa ili atengeneze vitu vyake. Wadudu weusi wadogo wakaifuata nuru, na mmoja akamwingia sikioni akaanza kuchimba. Speke akamimina siagi iliyoyeyushwa, isifae kitu. Ndipo akatwaa kisu kidogo akachokoa. Mdudu alikufa, lakini sikio likajeruhiwa, likavimba na kutoa usaha. Uso ukapindika, na kwa siku nyingi hakuweza kutafuna. Miezi kadha baadaye vipande vya mdudu vilikuwa vingali vikitoka pamoja na nta. Mwenyewe alikiri kwamba kisu kilimdhuru kuliko kumfaa.

Speke hakuwa na hospitali karibu. Sisi wa Kasumulu tunayo hospitali ya wilaya huko Kyela mjini. Basi tusifanye kama yeye.

Jueni kwamba njia ya sikio ni nyembamba, na mwisho wake pana kiwambo laini ambacho kwacho twasikia. Ukichokoa kwa njiti, pini au unyoya, wakisukuma kitu ndani zaidi, na pengine wakitoboa kiwambo.

Sasa, ni wakati gani wa kwenda kwa mganga?

Nenda upesi, hata kama ni usiku, ikiwa sikio latoka damu au usaha, ikiwa maumivu ni makali, ikiwa mgonjwa aona kizunguzungu au hasikii, au kitu chenyewe kina ncha kali. Zaidi ya yote, ikiwa ni betri ndogo bapa kama kifungo, itokayo katika saa au vitu vya kuchezea, usingoje hata kidogo, wala usitie maji wala mafuta, kwa maana huunguza nyama ya sikio kwa muda wa saa chache.

Ikiwa ni punje ya mpunga, ya mahindi au ya haragwe, wala mtoto haumwi, mpeleke siku hiyo hiyo. Usitie maji, kwa sababu punje hunywa maji ikavimba, ikakwama.

Mdudu aliye hai ana shauri lake. Ikiwa sikio halina usaha wala damu, wala halijatoboka zamani, mlaze mgonjwa kwa ubavu, umtilie matone ya mafuta ya kula yenye uvuguvugu tu, si ya moto. Mdudu atakufa, na mateso yatapungua. Asipotoka, mganga atamtoa.

Nanyi walimu na wazazi, mtoto mdogo mara nyingi huficha jambo hili kwa kuogopa fimbo. Mkiona sikio moja tu lanuka au latoka usaha, msimkemee. Mwulizeni kwa upole, kisha mpelekeni akaangaliwe masikio yote mawili na pua pia. Mtoto asiyesikia darasani huitwa mvivu, kumbe ana haragwe sikioni.