SUNGURA AKIFA TUTAZAME BANDA, TUSIMTAZAME JIRANI

Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa ushirika

Ndugu wanaushirika,

Watoto wetu wanafuga sungura. Mmoja akifa, maneno yanaanza: jirani kamtazama vibaya. Hapana, ndugu zangu.

Sungura kula mavi yake laini si uchawi. Ndivyo anavyokila chakula chake mara ya pili apate nguvu. Jike aking'oa manyoya yake anatandika kiota, maana mimba ni siku 31 hivi. Akipiga mguu chini usiku, amehisi hatari.

Ugonjwa ni huu: kuharisha na tumbo kujaa. Unaua zaidi wadogo, na unakaa kwenye uchafu na unyevu. Basi banda liinuliwe, lifagiwe kila siku. Masikio yenye magamba ni utitiri. Akishinda kutwa bila kula, mwite bwana mifugo upesi.

Na hapa kwetu Urambo jani la tumbaku ni sumu kwake. Hata magugu ya shamba lililopigwa dawa msimpe. Mpeni nyasi kavu nyingi, meno yake hayaachi kukua.

Anayejua kusoma amsomee mwenzake.

Katibu