Mkono wa Waziri: Hati ya Wakfu ya Rashid al-Din



Kila tunapokutana sisi tunaosoma Uajemi wa zama za Wamongolia, hoja moja haikosi kuzuka: kwamba hati ya wakfu aliyoiandika waziri Rashid al-Din huko Tabriz mwaka 1309 ni kichaka cha kufichia mali, na dini iliyomo ni pambo tu. Jioni hii nimekuja kuing'oa hoja hiyo.

Historia ya Wailkhani, watawala wa Kimongolia wa Uajemi, mnaijua. Rashid al-Din, tabibu wa Hamadan, mzaliwa wa ukoo wa Kiyahudi, alisilimu, akawa waziri wa sultani Ghazan kisha wa Öljaitü, akajenga kitongoji cha Rab'-i Rashidi, ambacho ndicho alichokiwekea wakfu huo: kaburi na msikiti, zawiya, hospitali, nyumba ya wageni. Barua zinazonasibishwa naye naziweka kando. Tangu mwanazuoni Reuben Levy atilie shaka mwaka 1946 kwamba ni zake kweli, mabishano hayajaisha.

Wenye hoja wana pa kuanzia. Waziri wa zama zile akianguka, mali yake ilitwaliwa, ila iliyowekwa wakfu ilitarajiwa kusalimika. Na Rashid al-Din alijiteua msimamizi wa wakfu, wanawe wamrithi. Tatizo ni kwamba wakifika hapo hufunga kitabu.

Mimi naomba tukifungue. Hati ina kurasa 382, na takriban 290 za mwanzo ni mwandiko wake mwenyewe. Mtu mwenye makatibu tele aliketi akaandika majengo, vijiji na bustani zake, na mipaka yake. Kisha akashuka hadi kwenye mkate: nani apewe, kiasi gani. Akaagiza kila mwaka unakiliwe msahafu wa juzuu 30 na kitabu cha hadithi, Jami' al-usul. Nakala ikikamilika iwekwe msikitini kati ya mimbari na mihrabu, mwenye wakfu aombewe dua. Hati yenyewe ilitolewa nakala tano. Anayeficha hazidishi nakala.

Babu yangu aliacha minazi kwa ajili ya mafuta ya taa za msikiti. Aliusia kwa mdomo, na mpaka ulikuwa mwembe. Mwembe ulipoanguka, ukoo ukagawanyika, na wajukuu hatujapatana hadi leo. Ndiyo maana nikisoma mipaka ya Rashid al-Din sioni ujanja. Namwona mtu anayewaogopa warithi wake kuliko anavyomwogopa sultani.

Mtasema: basi si kichaka, ni ngao. Ngao yenyewe haikufaa. Mwaka 1318 waziri aliuawa, kitongoji kikaporwa. Mwanawe Ghiyath al-Din akaja kuwa waziri, naye akauawa mwaka 1336, kikaporwa tena. Najua, ngao kuvunjika si ushahidi kwamba haikuwa ngao. Lakini kuwazuia maofisa wa sultani kulihitaji orodha ya mali na muhuri wa kadhi. Hakukuhitaji kipimo cha mkate wa msafiri.

Nakubali, basi, kwamba alitaka wanawe wasife njaa, na kwamba alipenda jina lake litajwe. Nia zote hizo zimo. Lakini hata mkinishinda kwingine kote, hili siliachii: mtu hatumii kurasa 290 za mkono wake kwa jambo asiloliamini. Atakayenipinga aanze kwa kuzisoma zote.