Tuchange Kabla ya Matanga

Nawasalimu kutoka Lemon Gaba, Juba, ninyi nyote wa Arua, Bunia na Nairobi.

Fungua Marko 5:26. Yule mama alikuwa amemaliza mali yake yote kwa matabibu kabla hajafika kwa Yesu. Mama kama huyo yuko bado mtaani kwetu. Katiba yetu ya mwaka 2011, kifungu cha 31, inaahidi matibabu ya msingi bure. Lakini ukikuta dawa zimeisha kituoni, unapewa karatasi tu, ukanunue dukani. Mwenye pesa ananunua leo. Asiye nayo ananunua nusu dozi, au anarudi nyumbani kungoja. Malaria haingoji, wapendwa!

Sasa nikuulize wewe msomaji: mbona mtu akifa tunachanga usiku mmoja, lakini akiugua tunamwambia tu "tunakuombea"? Maombi ni lazima, soma Yakobo 5:14. Lakini Msamaria wa Luka 10:35 alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa na deni litakalozidi. Hakuuliza kabila.

Kwa hiyo kila tawi lianze mfuko wa wagonjwa. Toa kidogo kila Jumapili ukiwa mzima, ili ndugu yako asiuze mbuzi wa mwisho akiwa kitandani. Mweka hazina asome hesabu mbele ya wote. Na viongozi wetu tuwakumbushe ahadi ya Abuja ya 2001: asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya.

Mungu awabariki. Amina.