NIPO HAPA KWA AJILI YA NANI?

Dominika ya Tano ya Mwaka C
Isa 6:1-8, 1 Kor 15:1-11, Lk 5:1-11



Masomo yetu ya leo yanatuletea watu watatu. Wa kwanza ni nabii Isaya, aliyeuona utukufu wa Mungu hekaluni akajitambua kuwa mtu mwenye midomo michafu. Wa pili ni Mtume Paulo, anayekiri kwamba hastahili hata kuitwa mtume, kwa kuwa alilitesa Kanisa la Mungu. Wa tatu ni Simoni Petro, mvuvi aliyekesha usiku kucha asipate kitu. Na nyavu zilipojaa samaki kwa neno la Bwana, akaanguka magotini pa Yesu na kujikiri mwenye dhambi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejichagulia kazi ya maisha yake. Kila mmoja aliitwa akiwa na udhaifu wake, akatakaswa, akatumwa.

Sisi tunaokaa kandokando ya Ziwa Tanganyika tunaielewa upesi Injili hii. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga anajua maana ya kukesha na taa majini na kurudi alfajiri mikono mitupu. Anajua pia kwamba mbalamwezi inapong'aa taa yake haivuti dagaa, hata awe hodari namna gani. Lakini upo usiku mwingine usio wa ziwani. Kijana amemaliza kidato cha nne, nafasi ya kuendelea hakuipata. Mama amefiwa na mumewe akiwa na watoto wadogo. Mtu ameikimbia nchi yake kwa sababu ya vita, anaanza upya mahali asipojulikana. Watu hao huuliza: Je, Mungu aliniumba kwa kusudi gani? Maisha yangu yana faida kwa nani?

Katekisimu ilitufundisha tangu utotoni kwamba tuliumbwa ili tumjue Mungu, tumpende, tumtumikie, na mwisho tukaishi naye milele. Jibu hilo ni la kweli wala halipitwi na wakati. Ila anayeumia huongeza swali moja: Nitamtumikiaje Mungu, iwapo njia niliyoitamani imefungwa, tena pengine imefungwa na watu wabaya?

Ili tulijibu, tumtazame mtu mmoja aliyeishi na kufa katika mwambao huu wetu, yaani Adriano Atiman wa Karema.

Atiman hakuzaliwa hapa. Alizaliwa mnamo mwaka 1866 mbali sana, karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akatenganishwa na wazazi wake, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria alikombolewa na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alitaka baadhi ya vijana waliokombolewa wasomee utabibu, ili wapelekwe kuwahudumia Waafrika wenzao wakiwa matabibu na makatekista. Atiman alipelekwa katika kisiwa cha Malta akasoma, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwa Kigoma yetu. Hapo alitibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 katika kituo kimoja! Alioa hapo hapo, na mwanawe Yosefu akawa padre.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa watu wa Karema methali hiyo ilitimia sawasawa na maneno yake.

Wapendwa, hapa tuwe waangalifu. Tusije tukasema kwamba Mungu ndiye aliyetaka mtoto yule atekwe ili baadaye awe tabibu. Hasha! Utumwa ni dhambi inayomlilia Mungu, na wenyeji wa mkoa huu hatuna budi kulisema hilo kwa uchungu. Ujiji, mji wetu wenye historia ndefu, katika karne ya 19 ulikuwa kituo cha biashara ya pembe za ndovu na ya watu. Wanadamu waliotekwa ng'ambo ya magharibi walivushwa ziwa hili, wakaswagwa kwa miguu kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Wamisionari Wakatoliki wa kwanza walipofika Ujiji mwezi Januari 1879, waliikuta biashara hiyo ikiendelea. Wengi waliofia njiani hatujui hata majina yao. Mungu peke yake ndiye ayajuaye, na mbele zake hakuna mmoja wao aliyepotea.

Basi tuseme hivi: Mungu hakuupanga uovu ule, bali uovu ule haukuweza kumshinda Mungu. Watekaji walimwona Atiman kuwa bidhaa. Mungu alimwona mwana, akamwita kwa jina. Wao walimpangia bei. Mungu alimkabidhi utume. Na tazameni ajabu ya neema: huko Karema waliishi watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na aliyetumwa kuwatibu alikuwa mtu aliyeujua utumwa mwilini mwake. Jeraha lake halikufutika. Ila halikuwa tena mwisho wa habari zake. Ndivyo Paulo anavyotufundisha leo: alivyo, yupo hivyo kwa neema ya Mungu, na neema hiyo kwake haikuwa bure, kwa maana alifanya kazi.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kusudi la maisha si cheo wala kazi ya mshahara. Kazi yaweza kupotea, cheo chaweza kuchukuliwa, mwili waweza kudhoofika. Kama kusudi letu lingekuwa katika hayo, basi mgonjwa aliyelala kitandani hangekuwa nalo. Lakini yule mgonjwa anayewaombea wanawe na kuwasamehe waliomkosea anatimiza utume mkubwa mbele ya Mungu.

Pili, kusudi hupatikana pale tulipo. Yesu hakumwambia Petro atafute kwanza ziwa lenye samaki wengi zaidi. Alimwomba mtumbwi ule ule, akamtuma kilindini katika ziwa lile lile lililomnyima usiku kucha. Ndugu yangu kijana, kabla hujasema huna la kufanya, angalia jirani yako. Yupo mzee asiyeweza kuchota maji. Yupo mtoto asiyejua kusoma. Ipo jumuiya ndogo ndogo isiyo na wa kuongoza sala. Usiulize tu, "Nitapata nini?" Uliza, "Nipo hapa kwa ajili ya nani?" Anayeliuliza swali hilo kwa moyo mnyofu hakawii kupata jibu.

Tatu, utume hudumu kwa uaminifu wa kila siku. Nasema hasa na ninyi makatekista, mnaotembea kwa miguu kwenda vigangoni, na mara nyingi mnawakuta wanafunzi watano tu. Miaka 67 ya Atiman haikuwa ya miujiza kila asubuhi. Ilikuwa ya kufunga vidonda, kutoa dawa, kurudia mafundisho yale yale kwa watoto wapya, mwaka baada ya mwaka. Nyavu zenu zikija tupu leo, zioshwe, zishushwe tena kesho kwa neno la Bwana.

Katika juma hili, kila mmoja wetu atenge jioni moja ya kukaa kimya mbele ya Mungu. Amtajie bila kuficha kile kilichovunjika katika maisha yake. Kisha amtaje mtu mmoja anayehitaji msaada wake, na kabla ya Dominika ijayo aende kwake.

Ee Bwana Yesu, uliyesimama ufukweni ukawaita wavuvi, utuite nasi katika ufuko huu wa kwetu. Utuponye midomo na mioyo. Utufundishe kuishi si kwa ajili ya nafsi zetu, bali kwa ajili yako na ya ndugu zetu. Unayeishi na kutawala, daima na milele. Amina.