Msimamizi wa Utafiti Anawajibika Hata Matwebe

(Maelezo ya mratibu wa miradi mbele ya kamati za sharika, Matwebe)



Mwezi uliopita mzee mmoja wa hapa aliniuliza: "Mratibu, yule binti aliyeshinda migombani kwetu wiki tatu akiandika, majibu yetu yameishia wapi?" Sikuwa na jibu. Binti huyo alikuwa anasomea shahada ya uzamivu, nasi tulimpokea kwa barua ya chuo. Hatukuuliza msimamizi wake ni nani. Kosa hilo ni letu, na langu kwanza.

Watafiti si wageni Rungwe. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kati ya Wanyakyusa miaka ya 1934 hadi 1938. Godfrey alikuwa mwanafunzi wa Bronislaw Malinowski wa London, mwalimu aliyesisitiza kwamba mtafiti akae na watu na ajifunze lugha yao. Kitabu cha Monica, Good Company, kilitoka mwaka 1951, kwa Kiingereza. Sijui ni wazee wangapi waliohojiwa waliokishika mkononi.

Msimamizi si mtu wa kuweka saini tu. Kabla mwanafunzi hajapanda basi kuja Tukuyu, yeye ndiye anayepima kama swali la utafiti linajibika kwa muda na fedha zilizopo, na kama maswali hayatamwaibisha mama wa watu mbele ya wakwe zake. Anasoma kila sura na kuirudisha na maelezo. Akiona kazi haiendi, anasema mapema. Hamwandikii mwanafunzi, lakini pia hamwachi peke yake.

Hapo ndipo penye kidonda. Mfanyakazi mwenzetu mmoja, aliyesomeshwa kwa fedha za marafiki wa dayosisi, alisubiri miezi tisa sura moja irudi. Ilirudi na alama tatu za kuuliza, basi. Ada ya mwaka ikawa imekwenda. Sisi tulimwita mvivu. Hatukuwahi kumpigia simu msimamizi wake.

Kwa hiyo napendekeza hivi: mtafiti akija, barua yake itaje jina na simu ya msimamizi, na anayetoka nje ya nchi aonyeshe kibali cha COSTECH. Tukubaliane pia tarehe ya kurudisha matokeo kijijini kwa Kiswahili, au Kinyakyusa ikiwezekana. Kurasa mbili zinatosha. Nanyi mnaolipa ada, ombeni taarifa ya maendeleo yenye saini mbili, ya mwanafunzi na ya msimamizi.

Barua kwa chuo cha yule binti nimeshaiandika. Namwomba mzee aliyeuliza asiondoke kikao kikiisha, aweke saini yake kando ya yangu.