Wiki Hii Mmefundishwa Nini?

Ndugu msikilizaji, leo nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia bei ya mbolea. Mbolea itasubiri. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu, hapa Mfaranyaki, na nimeona nisipolisema nitakuwa nimekudanganya, maana mara nyingi katika kipindi hiki nimewasema wazazi wasiofuatilia masomo ya watoto wao kana kwamba mimi si mmojawapo.

Jumatano jioni binti yangu mdogo, ambaye yuko darasa la kwanza, alifungua kitabu chake mezani akanisomea ukurasa mzima bila kukwama. Sauti juu, kidole kikitembea juu ya maneno. Nikafurahi, nikamwita mama yake aje asikie. Mama yake akasikiliza hadi mwisho, kisha akafunika picha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye neno moja katikati ya mstari wa tatu, akauliza: "Hapa pameandikwaje, mama?" Mtoto akanyamaza. Halafu akaanza upya kutoka mstari wa kwanza, harakaharaka, mpaka akalifikia neno lile, ndipo akalitaja. Hakuwa anasoma. Alikuwa anaimba.

Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi nikaenda shuleni nikiwa na maneno yangu tayari mdomoni, maana mtu aliyesomea uandishi wa habari hakosi maneno ya kuwaambia wengine. Shule nisiitaje, utaona mbele kwamba kuitaja kungekuwa kumwonea mtu. Mwalimu wa darasa la kwanza ni mama mtu mzima, amebakiza miaka michache kustaafu. Nikamwamkia, akaitikia, akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Hakubishana. Alifungua azimio lake la kazi, lile daftari lenye mistari ambamo mwalimu huandika mwezi, wiki, mada na idadi ya vipindi, akaliweka mbele yangu, akauliza: "Baba, wiki hii unajua tunafundisha nini?"

Sikujua. Najua nani anaongoza ligi, najua gunia la mahindi linauzwaje sokoni, na najua mawaziri kwa majina. Lakini kile anachofundishwa mwanangu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, sikukijua.

Basi nikakaa kwenye benchi nikafundishwa. Katika darasa la yule mama, irabu tano ndizo zinazotangulia: a, e, i, o, u. Kisha inaingia konsonanti moja, na inaunganishwa na irabu zote: ma, me, mi, mo, mu. Silabi mbili zikishikana, neno limepatikana: mama, mimi, uma, imo. Wiki inayofuata konsonanti nyingine, na maneno yanaongezeka, kwa kuwa sasa kuna mbili za kuchezea. Zile ngumu zinakuja baadaye: ch, sh, mb, nd, ny, na ng' yenye kikoma chake juu, ambacho hata sisi wa magazeti hukisahau. Mwishoni kabisa ndipo zinapokuja dh, th na gh, ambazo watoto wengi hawazisikii nyumbani. Mtoto anayesikia "zahabu" kila siku utamwambiaje ghafla kwamba inaandikwa dhahabu? Na usisahau l na r, ambazo katika nyumba zetu nyingi hubadilishana viti bila mtu kushtuka.

Kila wiki, kwa maneno ya mwalimu, ina tofali lake. Mtoto akikosa tofali la wiki ya tano, hilo la wiki ya sita linawekwa hewani.

Hapo nikauliza swali langu la mwandishi: kama mpangilio ndio huu, mbona wangu anaimba? Mwalimu akauliza kama nyumbani nampa msaada. Nikajibu kwa majivuno kwamba kila Jumamosi, baada ya chai, namkalisha chini nakwenda naye a, be, che, de, mpaka ze, kama nilivyofundishwa mimi miaka ya 1980. Mwalimu akacheka, si kwa dharau, akasema: "Sasa mwambie asome baba kwa hizo herufi zako."

Nikajaribu. Be-a, be-a. Beabea. Ndugu msikilizaji, jaribu na wewe hapo ulipo.

Darasani mtoto hafundishwi jina la herufi kwanza, anafundishwa sauti yake. Herufi m ni midomo iliyofungwa ikivuma. S ni upepo unaotoka kwenye tairi la baiskeli. Sauti hizo zikiunganishwa na irabu zinateleza zenyewe na kuwa neno. Majina ya herufi yana kazi yake, ila siyo hii. Kwa hiyo tangu Jumatatu hadi Ijumaa mwalimu anajenga, na Jumamosi baada ya chai mimi nabomoa, tena kwa upendo mwingi. Mtoto wa miaka sita hawezi kumwambia baba yake kwamba anakosea. Yuko kati ya watu wazima wawili wanaopingana bila wenyewe kujua, naye akatafuta njia ya tatu: akasikiliza wenzake wanavyosoma kwa pamoja, akashika ukurasa kwa sikio. Mwenye akili ndiye hasa anayeweza kuficha namna hiyo, na kwa muda mrefu.

Usinielewe kwamba najitwisha lawama zote. Darasa lile nililiona. Kiwango kinachotajwa na serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Pale walikuwamo zaidi ya mara mbili ya hao, wanne hadi watano kwenye dawati. Kipindi cha darasa la kwanza ni cha dakika 30. Piga hesabu mwenyewe: hata kama mwalimu hafanyi lingine lolote, hazifiki sekunde 20 za kumsikiliza kila mtoto peke yake. Kwa hiyo anawasomesha kwa pamoja, na katika sauti ya pamoja aimbaye na asomaye wanafanana. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto waliandikishwa kwa wingi, na hilo lilikuwa jema. Vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile, na hilo tunaliona hadi leo.

Jambo hili halikuanza kwangu. Mwaka 2011 utafiti wa Uwezo ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, takriban 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka uliofuata taifa likaambiwa kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walikuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza hali hawajui kusoma na kuandika. Nakumbuka tulivyopiga kelele katika vyombo vya habari. Kelele zile zilisaidia: mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa masomo, mkazo ukawekwa kwenye zile K tatu, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na walimu wakapewa mafunzo ya kufundisha kwa sauti za herufi. Sisi tuliopiga kelele tukahamia habari nyingine. Hakuna aliyerudi kumweleza mzazi wa Mfaranyaki, au wa Lizaboni, au wa Bombambili, kwamba njia imebadilika na a, be, che, de yake ya Jumamosi aiweke kando kwanza.

Na Kiswahili, kwa hakika, hakina kisingizio. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kusanifisha lugha hii, tunaandika kwa karibu kabisa na tunavyotamka. Mtoto wa Uingereza akikutana na herufi o, u, g, h zikiwa pamoja, hana budi kusubiri ajue zimekaa katika neno gani: though, through na cough kila moja ina sauti yake. Wetu akiishika silabi leo, ameishika mpaka uzeeni. Ndiyo maana wiki zile za mwanzo zina thamani kubwa hivi.

Sasa zimepanda bei zaidi. Kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba. Ule mwaka wa ziada, ambao kwa wengine ndio uliokuwa wa kufidia yaliyopotea chini, haupo tena. Nami namwona mzazi, si mbaya, mwenye shamba mbali na mji, ambaye muhula wa kwanza unapoangukia katikati ya mvua humchukua mtoto wiki mbili waende kupalilia, akisema huyo ni wa darasa la kwanza tu, hajaanza masomo ya maana. Darasa la saba hathubutu kulitoa hata siku moja.

Kuhesabu, niseme kwa ufupi, kuna afadhali. Watoto wanahesabu kwa vijiti, vizibo vya soda na punje za mahindi, na mkoani kwetu mahindi hayajawahi kuwa haba. Punje kumi ni kumi, hakuna baba wa kuja kusema ni vinginevyo.

Mtu wa redio angependa kusema redio itaziba pengo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona tulirusha masomo hewani, na nilijivunia kazi ile. Lakini redio haioni kidole cha mtoto kiko juu ya neno gani. Anayeona ni mtu aliyekaa kando yake, hata kama mtu huyo mwenyewe hakusoma sana: anahitaji kiganja cha kufunikia picha, na kuuliza wiki hii mmefundishwa nini. Mke wangu hakusomea ualimu.

Niliondoka shuleni na kipande cha karatasi. Mwalimu alininakilia kwa mkono wake sauti za kila wiki tangu Januari, akaniambia nimrudishe mtoto mwanzo, taratibu, nisimpigie kelele, na Jumamosi zangu nizitumie vizuri. Jana tulikaa. Tulifika kwenye sa, se, si, so, su. Nikaandika neno ambalo halimo kitabuni: asimame. Alilitazama muda mrefu, midomo ikicheza. A. Si. Ma. Ilimchukua karibu dakika nzima, yeye ambaye Jumatano alimaliza ukurasa kwa pumzi moja. Kisha akalisema lote, akaniangalia kuona kama ni kweli, akasimama.

Darasani kesho wanaanza ny. Sisi nyumbani wiki hii tunaingia t. Nimehesabu kwenye ile karatasi: tuko nyuma wiki nane.