Penalti ya Caroline Seger

Leo tuongee kuhusu kukosa.

Tarehe 6 Agosti 2021, huko Yokohama, Japani, ilichezwa fainali ya Olimpiki ya wanawake: Uswidi 1, Kanada 1. Zikaja penalti. Nahodha wa Uswidi, kiungo Caroline Seger, akaenda kupiga ya tano. Akifunga tu, dhahabu ni yao. Akapaisha! Kanada wakashinda kwa penalti 3–2.

Alikuwa na miaka 36. Dunia nzima ilimwona.

Sasa jiulizeni, sisi tukifeli mtihani au tukiachwa na mpenzi tunafanyaje? Wengine hukimbilia pombe au bangi. Jamani, uchungu hauishi hivyo. Pombe ikitoka kichwani, unaukuta palepale unakusubiri.

Seger aliendelea kucheza. Mwaka 2023 alikwenda Kombe la Dunia, Uswidi wakapata shaba. Akaiaga timu ya taifa akiwa na mechi 240. Penalti moja, mechi 240: pigeni hesabu wenyewe.

Kwa hiyo ukikosa, lia, hata wewe kaka. Mwambie mtu unayemwamini: shangazi, mwalimu, rafiki. Halafu rudi uwanjani.

Haya, nani ana swali?